Jinsi ng'ombe wa baba mkwe walivyomaliza RAM ya laptop yangu

Wakuu, salamu kwenu wote, wa mbele na wa nyuma.

Hii ninayoandika ilitokea kwangu, kwa sebule yangu mwenyewe hapa Kitengela. Siongezi chumvi. Mke wangu husoma hili jukwaa kimyakimya bila kukomenti, kwa hivyo nikidanganya hata kidogo nitaulizwa nikifika jikoni.

Ni uzi wa kompyuta, lakini una ng'ombe wengi. Mnivumilie.

Kwanza mnijue. Mimi naitwa Wafula, mtu wa Bungoma, nafanya kazi ya ofisi Nairobi na napanga nyumba Kitengela kama wengi wenu. Mke wangu ni Naserian, Mmaasai wa Kajiado, kwao ni ndani kidogo ukitoka barabara ya Namanga. Baba yake sisi tunamwita Mzee tu. Ni mtu mpole, mrefu, haongei sana, na akiongea hasemi mara mbili.

Sasa Mzee nyonga ilikwisha. Daktari alituonyesha kwa X-ray, mfupa umesagika. Akasema awekewe nyonga ya chuma, la sivyo mguu utazidi kukakamaa mpaka siku moja ashindwe kusimama kabisa. Hospitali ilitaka awe karibu kwa vipimo kabla ya operesheni, ndiyo akaja kukaa kwetu.

Hapo ndipo shida ilianza, na haikuwa ya mfupa.

Mzee amezoea kila jioni kusimama kwa mlango wa boma ng'ombe wakirudi. Kila jioni ya maisha yake. Hawahesabu, kwao mifugo haihesabiwi kwa mdomo, ni mkosi. Yeye anawaangalia tu wakiingia, na kama kuna asiyeingia anajua. Kila mmoja anamjua kwa rangi na mabaka na tabia.

Kitengela jioni ikifika, Mzee anasimama kwa balcony na fimbo yake na kuangalia mabati ya majirani. Halafu anapigia Lekishon simu. Lekishon ni shemeji yangu, kitinda mimba, ndiye aliachiwa boma. Simu ilikuwa inaanza kwa "Supai", salamu yao, na kuisha wakati bundles za Mzee zimeisha.

Wiki ya kwanza Mzee alikula vizuri. Wiki ya pili chakula kikaanza kurudi nusu. Halafu akaanza ile story ya "nitaenda tu niwaone, nirudi." Naserian aliniambia chumbani, "Akienda harudi. Namjua." Nilijua anasema ukweli, kwa sababu yeye mwenyewe ako hivyo.

Basi nikapata wazo. Wakuu, mkiona nimepata wazo mjue kuna kitu kitaungua.

Nilisema, kama Mzee hawezi kwenda kwa ng'ombe, ng'ombe waje kwa Mzee. Lekishon awapige picha wote, niweke kwa laptop, nichomeke kwa TV, Mzee awaone kila jioni saa yao ya kuingia. Naserian aliniangalia vile hajaniangalia tangu harusi. Hapo nikajua lazima hii kitu ifaulu.

Lekishon alikuwa amenunua simu mpya yenye camera ya megapixel hamsini na alikuwa anatafuta sababu ya kuitumia. Nikampigia kupanga kazi.

"Ni ngapi hivi," nikamuuliza, "nijue vile nitapanga?"

Simu ikanyamaza. Nikadhani network.

"Shemeji," akasema polepole, "hiyo swali sisi hatuulizi. Wewe weka wote."

Sawa. Hapo ndipo kosa lilizaliwa, na ninalipenda hili kosa kwa sababu huwezi kulipata kwa kitabu cha kompyuta. Mtu mwingine yeyote angepanga kazi kwa idadi ya picha. Mimi nilikatazwa kujua idadi. Mpaka leo sijui, na hata ningejua singeandika hapa, kwa hivyo msiniulize kwa comments.

Memory card ilifika na basi ndani ya bahasha iliyoandikwa jina langu, conductor akanikabidhi stage. Nikafungua. Ng'ombe na ng'ombe na ng'ombe. Uso, ubavu, mgongo. Mwingine Lekishon alipiga sikio peke yake ili alama ionekane vizuri.

Niko na laptop ex-UK, mtumba wa Uingereza, RAM ni 4GB, nimeitumia miaka bila shida kwa email na kazi ya ofisi. Nikafungua ile programu ya slides, nikatengeneza ukurasa mmoja mkubwa, nikaweka ng'ombe wote humo. Wote pamoja, kama kundi. Nilifikiri boma ni moja, kwa hivyo ukurasa uwe mmoja. Na picha sikupunguza hata moja, kwa sababu nilitaka Mzee akisema "hapo", ni-zoom mpaka aone baka la shingo.

Nikisave ilikuwa inachukua muda. Fan ilikuwa inalia. Nikasema ni laptop tu imefurahi.

Jioni ya kwanza Mzee alivuta kiti karibu na TV. Nikawasha. Wakuu, yule mzee alicheka. Alimtaja Naibor, yule mweupe. Akamtaja Narok, yule mweusi. Akatuonyesha mmoja wa kahawia akasema huyo hana adabu, husukuma wenzake kwa maji. Naserian alikuwa amekaa chini karibu na miguu yake kama msichana mdogo. Nikazoom huku, nikazoom kule. Nilijiona mkwe wa mwaka.

Halafu cursor ikakwama.

Ng'ombe wakaganda. Nusu ya skrini ikawa nyeupe. Kukatokea kisanduku chenye maandishi, nikabonyeza OK haraka bila kusoma, vile sisi wote hufanya. Programu ikajifunga. Laptop ikajizima yenyewe, na TV ikabaki blue imeandikwa No Signal.

Mzee akanyoosha fimbo kuelekea TV.

"Wameenda wapi?" Mzee akauliza.

"Ni computer tu, Baba," nikasema. "Imehang."

"Mimi nimeuliza ng'ombe."

Alichukua simu akapigia Lekishon papo hapo. Wote wako nyumbani, wazima, wamelala. Lakini uso wa Mzee haukurudi vile ulikuwa. Alisema kwa sauti ya chini, "Hii kitu imenionyesha wakipotea. Na mimi siko kwa mlango."

Mnaweza kucheka. Mimi sikucheka. Mtu ambaye hajawahi kukosa jioni moja, umwonyeshe mali yake yote halafu uifute mbele ya macho yake, unataka afikirie nini?

Asubuhi tulimkuta amefunga begi. Shuka imekunjwa juu, fimbo iko kando ya mlango.

Naserian ndiye alimbembeleza. Operesheni ilikuwa Jumatatu iliyofuata. Akamwambia, "Baba, mpe Wafula mpaka Jumamosi. Atawarudisha."

Mzee alinitazama. "Sawa. Lakini ikifanya hivyo tena, mimi naenda nyumbani, na hii mguu ibaki vile iko."

Basi wakuu, mguu wa baba mkwe sasa ukawa mikononi mwa 4GB ya RAM. Ila mimi bado sikujua kama shida ni RAM.

Nilifanya nini? Nilifanya vile kila mtu hufanya. Nikasema "memory imejaa". Nikafuta movies. Nikafuta picha za harusi ya binamu yangu. Nikaenda kununua external hard disk kubwa, nikahamisha kila kitu huko. Laptop ikabaki tupu kama nyumba ya bachelor.

Nikajaribu tena Mzee akiwa ameenda vipimo na Naserian. Ikacrash tena. Safari hii hata haikungoja ni-zoom.

Jirani yetu Mama Esther, ambaye mume wake ni pastor, alikuwa ameingia kuomba chumvi. Akaona vile nimeshika kichwa. Akaweka mkono juu ya laptop na kuiombea, maombi mazuri kabisa, marefu. Nikasema amina. Nikawasha. Ikacrash.

"Hii inataka maombi ya kufunga," Mama Esther akasema, akachukua chumvi yake akaenda.

Ndipo nikafanya kitu sijawahi kufanya tangu niguse kompyuta. Nikaiacha ile error hapo kwa skrini nikaisoma. Yote. Ilikuwa inasema kompyuta iko low on memory, na ikanitajia programu za kufunga. Ilikuwa imeniambia siku ya kwanza. Mimi ndiye nilikuwa nabonyeza OK.

Nikafungua Task Manager, upande wa Performance. Disk ilikuwa na nafasi kubwa, imetulia. Memory ndiyo ilikuwa imepanda mpaka juu kabisa.

Sasa wale wa IT mnisamehe, nitaeleza vile nilielewa mimi.

Hard disk ni gunia la mchele kwa store. RAM ni sufuria. Mimi nilikuwa naona sufuria inafurika, na kila siku nanunua gunia lingine.

Na kuna kitu kingine kilinishangaza zaidi. Nilifunga kila kitu, nikafungua picha ya ng'ombe mmoja tu, nikiangalia Task Manager. Ile picha kwa folder ni MB chache, unaweza kuituma WhatsApp. Lakini ilipofunguka, memory ilipanda karibu MB mia mbili. Ng'ombe mmoja!

Kumbe picha kwa disk imebanwa. Ukiifungua, kompyuta lazima ianike kila nukta moja kwa memory, na megapixel hamsini ni nukta milioni hamsini. Yaani kwa folder ni mchele, ukifungua inakuwa wali. Mimi nilikuwa napika gunia zima kwa sufuria moja halafu nauliza nani amemwaga.

Juu ya hapo, browser ya Naserian ilikuwa imefunguliwa nyuma na tabs nyingi, mapishi na vitenge na maswali ya nyonga. Kila tab inakula. Sikuzifunga. Mimi si mjinga kiasi hicho. Nilimwomba azifunge mwenyewe.

Naona mtu atauliza mbona singeongeza RAM. Niliuliza fundi wa hapa Kitengela. Alifungua laptop akaniambia RAM yake imechomelewa kwa motherboard, haitoki na haiongezwi. Akafunga. Hakunitoza hata, nadhani aliniona uso.

Sasa nilijua ugonjwa, lakini dawa bado. Bado nilitaka wote wakae kwa ukurasa mmoja. Nilifikiria kuwapunguza mpaka wawe wadogo kama stempu, lakini Mzee macho yake hayangeona chochote. Na nikiwapanga kurasa tofauti nilihofia atauliza wengine nimewaacha wapi.

Ijumaa asubuhi Mzee akaniita. Aliniambia, "Leo jioni wewe enda nyumbani. Simama kwa mlango. Uone na macho yako."

Hiyo haikuwa ombi. Nikatoroka kazi mapema, nikachukua basi mpaka Kajiado, nikapanda pikipiki mpaka bomani. Lekishon alinipa fimbo. Nilijihisi nimevaa koti la mtu mkubwa.

Jua likishuka nikawaona kwa mbali, vumbi kwanza, halafu kengele. Wanakuja wengi, wamesongamana. Nikajisemea, ndiyo hii sasa, wote pamoja, si ndivyo niliweka?

Lakini walipofika mlangoni hawakuingia pamoja. Mlango wa boma ni mwembamba, umezungushiwa miiba. Lekishon alisimama upande mmoja, mimi upande mwingine, na wakaanza kupita mmoja mmoja. Mmoja anakuja, anakaribia mpaka unasikia pumzi yake, anapita, anaenda zake ndani. Anayefuata ndiyo anakuja.

"Mbona mlango ni mdogo hivi?" nikamuuliza Lekishon.

"Wakiingia mara moja wanavunja," akasema. "Na Mzee hapendi kuona kundi. Anataka kuona mmoja, amalize, ndiyo aone mwingine."

Wakuu, nilisimama pale nikiwa na vumbi kwa meno na nikaanza kucheka peke yangu. Lekishon alidhani nimepigwa na jua.

Mzee hakuwahi kuhitaji wote kwa skrini moja. Hata siku moja. Kwa mlango wake macho yanabeba ng'ombe mmoja, anaachilia, anabeba mwingine. Mimi ndiye nilimtengenezea boma bila mlango.

Nikatoa simu nikarekodi vile wanaingia, kwa sababu niligundua kuna mpangilio. Kuna anayetangulia kila siku, na kuna wale wazembe wa nyuma. Lekishon akanitajia nani hufuata nani.

Nilirudi Kitengela usiku huohuo, na Jumamosi asubuhi nilifanya kazi kama mtu wa mtihani. Nilitengeneza nakala ya kila picha na kuipunguza itoshee upana wa TV tu, zaidi ya hapo TV yenyewe haiwezi kuonyesha. Originals zikabaki salama kwa external, angalau ikapata kazi. Nikaacha ile programu ya slides kabisa. Nikachukua picture viewer ya kawaida, ile inaonyesha picha moja na kuifunga ikienda kwa nyingine. Nikawapanga vile wanaingia mlangoni. Nikafunga programu zingine zote, nikarestart, nikajaribu mara nyingi nikiwa nimekazia macho Task Manager. Memory ilikuwa inapanda kidogo, inashuka. Inapanda kidogo, inashuka. Nilitaka kuibusu.

Jioni Mzee akavuta kiti. Sio karibu kama ile siku. Begi bado lilikuwa limefungwa, liko kando ya mlango, na tulilizunguka kila tukipita.

Nikawasha.

Akaja yule wa mbele, peke yake, amejaa TV nzima. Mzee hakucheka. Alimwangalia. Akapita. Akaja wa pili. Mzee akasogeza kiti mbele kidogo. Wa tatu akamtaja jina kwa Kimaasai, kwa sauti ya mtu anayesalimia.

Tulikaa hivyo muda mrefu sana. Yule asiye na adabu alipofika Mzee akapiga ulimi na kutikisa kichwa. Akapita Naibor. Akapita Narok. Wakaja wale wazembe wa nyuma, halafu wa mwisho kabisa, ndama wake kando.

Halafu skrini ikawa nyeusi.

Nilikuwa nimesahau kwamba ile viewer ikimaliza picha skrini huwa nyeusi. Moyo wangu ulishuka mpaka kwa soksi. Naserian akanishika mkono kwa nguvu.

Mzee aliendelea kuangalia ile skrini nyeusi. Halafu akaegemea kiti nyuma, polepole, vile mtu hufanya baada ya kufunga mlango wa boma.

"Huyo wa mwisho amenenepa," akasema.

Akamgeukia Naserian. "Jumatatu tunatoka hapa saa ngapi?"

Naserian alienda jikoni kulia. Mimi nilibaki nikijifanya natafuta charger.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Kompyuta ikikuambia low on memory, haikuambii ufute picha za harusi. Inakuambia umefungua vitu vingi kwa wakati mmoja. Soma error kabla ya kubonyeza OK. Fungua Task Manager uone ni nini kinakula. Funga usichotumia. Picha zipunguze zilingane na skrini yako. Disk isijae kabisa pia, kwa sababu RAM ikizidiwa mfumo huazima nafasi kidogo huko. Kama laptop yako inaongezewa RAM, ongeza, mimi yangu ilikataa. Na kabla ya yote, uliza mwenye kazi anataka kuona nini. Mimi nilitengeneza kitu kikubwa ambacho hakuna mtu aliniomba.

Wenye ujuzi nirekebisheni pale nimekosea, mimi ni mtu wa ofisi tu. Na wewe unayesoma, sema ukweli: una tabs ngapi zimefunguka sasa hivi? Hizo unaruhusiwa kuhesabu.

Mzee alipasuliwa vizuri. Alikaa kwetu mpaka akaweza kutembea na fimbo tu, na kila jioni tulikuwa tunamfungulia mlango kwa TV. Mwezi uliopita tulimrudisha nyumbani. Nilibeba laptop, nilikuwa nimemtengenezea version mpya na ndama wote waliozaliwa akiwa hayuko, nimeipanga vizuri kabisa. Jioni nikaiweka kwa kiti nje, nikaiwasha, nikamwita aje aone.

Alikuwa ameshasimama kwa mlango wa boma, kwa miguu yake miwili. Vumbi lilikuwa linakuja.

"Zima hiyo, Wafula," akasema bila kugeuka. "Wanaingia."